Somo la Alhamisi: Naamani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Alhamisi saa 1 jioni tunasoma 2 Wafalme 5. Msiishie mstari wa 14, Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, yuko huko mbele.

Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, alikuja na fedha, dhahabu na mavazi 10 ili aponywe, Elisha akamwagiza akaoge Yordani mara 7. Akakasirika: mito ya Dameski, Abana na Farpari, si bora? Waliomtuliza ni watumishi wake. Kinachonigusa mimi ni ile mara ya 6, ukoma bado upo na watu wanatazama (Biblia haisemi hivyo, nawaza tu).

Kila mmoja aje na jambo moja analomtii Mungu nusunusu. Wa zamu ya chai, jamani, sukari msisahau tena.