Usiwapigishe Magoti

Swahiba wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Hongera sana kwa kukabidhiwa darasa lako la kwanza la kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Umeniuliza kama kuna ubaya wanafunzi wapya wakipiga magoti chini ya bwawa wanapojifunza kutoa maji kwenye maski, halafu habari za kuelea kwa utulivu wakazikuta mbele, kwenye kozi ya juu. Ubaya upo, tena bwawani hauonekani.

Mimi nilifundishwa hivyo, nami nikafundisha hivyo kwa misimu kadhaa. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja hodari. Akishapiga magoti, anajaza maski maji, anainua uso kidogo, anapuliza kwa pua, kazi imekwisha. Siku yake ya kwanza baharini tulikuwa mita 9, ukuta wa matumbawe ubavuni, na chini yetu kina kitupu. Maski yake ikaingia maji. Nikamwona anatazama chini, miguu inapapasa. Alikuwa anatafuta mahali pa kupigia magoti! Alipopakosa akaanza kupiga mapezi (viatu vipana vya kuogelea) kwenda juu, mashavu yamevimba kwa pumzi aliyoibana. Nilimdaka kwenye jaketi lake la kujazwa hewa nikamwonyesha apulize, na nilipoona mapovu yanamtoka ndipo moyo wangu uliporudi mahali pake. Wewe unajua hewa ya kujaza mapafu katika mita 9 inavyokaribia kuwa maradufu ikifika juu, na aliyeibana mapafu yake yanaweza kupasuka. Kijana hakuwa na kosa. Alifanya nilichomzoesha.

Kwa hiyo siku hizi naanza na uzito, na sina haraka. Walimu wengi huwajaza wanafunzi risasi, yaani vipande vizito vya madini, kiunoni ili watulie chini, na kweli wanatulia. Lakini mwenye risasi za ziada lazima ajaze jaketi hewa ili asizame, kiuno kinavutwa chini, kifua kinavutwa juu, anasimama wima majini, na kila teke linampandisha badala ya kumpeleka mbele. Akiacha kupiga mateke, anashuka. Utamwona hatulii hata nukta moja, ukadhani ana woga, kumbe amebebeshwa mzigo. Mpime mtungi ukiwa karibu mtupu: jaketi halina hewa, pumzi ya kawaida kifuani, maji yamfike usawa wa macho, akitoa pumzi, azame polepole. Kama mtungi umejaa, kumbuka kuwa wa lita 12 wenye bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa) umebeba lita 2400 za hewa, nayo ina uzito wa karibu kilo 3. Nyingi ya kilo hizo hatarudi nazo, kwa hiyo mwongezee kiasi cha kufidia.

Uzito ukikaa sawa, mlaze kifudifudi, magoti yamekunjwa, mapezi yakiwa juu kuliko tumbo, na teke liwe la chura. Kisha mwachie pumzi yake imfundishe. Mapafu hayajibu papo hapo: anavuta, hakuna kinachotokea, anavuta zaidi, ghafla anapaa. Mwambie avute kidogo, asubiri sekunde mbili, aone mwili unavyoitika, na asiibane pumzi hata kidogo. Hapo ndipo unapomwingizia mazoezi ya maski, regyuleta (kifaa cha mdomoni cha kupumulia) na kugawana hewa, vyote akiwa anaelea. Saa ya kwanza utakata tamaa, nakwambia mapema. Watabiringika kama magogo. Anayehitaji kwanza kusimama kwenye maji ya kifuani avute pumzi zake kumi za mwanzo, mwache asimame. Nisichokitaka ni magoti yageuke makao yake.

Jambo lingine linaloitwa la wakubwa ni hesabu ya hewa. Usiwaambie tu "rudini na bar 50". Kaa nao na karatasi. Wawili wako mita 18, mmoja ameishiwa hewa, wote wameshtuka na kila mmoja anavuta lita 30 kwa dakika kwa kipimo cha juu ya maji; katika mita 18 maji yanaibana hewa, kwa hiyo kila pumzi inakula mara 2.8 ya hiyo. Dakika moja ya kutulizana hapo chini: lita 168. Dakika mbili za kupanda, mita 9 kwa dakika: lita 228. Dakika tatu za kusimama mita 5: lita 270. Jumla lita 666, na kwenye mtungi wa lita 12 hiyo ni zaidi ya bar 55, kabla hawajaanza hata kuogelea kurudi kwenye chombo. Nimewaona watu wazima wakinyamaza wakitazama karatasi hiyo. Baada ya hapo huhitaji kuwakumbusha watazame geji ya hewa. Nao wanaanza kuuliza ya mwenzao pia, maana hewa yake ndiyo akiba yao.

Ukaguzi kabla ya kuingia majini unaufahamu, sikuandikii. Ila ufanye wewe mwenyewe kila mara, mbele yao, hata siku uliyochoka.

Najua utaambiwa unapoteza muda na kwamba hawa ni wanaoanza tu. Mwanzoni mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikayumba, nikarudi kwenye magoti kwa wiki mbili. Nilijuta.

Ukimaliza siku ya kwanza niandikie usiku huohuo, hata mistari mitatu. Nataka kujua umempunguzia kila mmoja kilo ngapi, na yupi alielea wa kwanza.

Wako daima.