Risala ya Wenyeji wa Kambi kwa Mgeni wa Heshima, Nakuru

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwenyekiti wetu, wazee, walimu, akina mama na vijana mliofika, hamjambo.

Mimi ndimi katibu wa kikundi hiki cha wenyeji wa kambi, yaani watu tunaojitolea kupokea na kuangalia wageni wanaolala kambini katika hifadhi, na nimepewa dakika tano. Mwenyekiti ananijua vizuri, ndiyo sababu amevua saa yake akaiweka mezani.

Sisi ni watu wa Nakuru. Wastaafu tisa, wengi walimu na madereva, na vijana kumi na wawili waliomaliza chuo na bado wanazunguka na bahasha. Tulianzia karibu na nyumbani, katika kambi za Hifadhi ya Ziwa Nakuru, na sitaficha kwamba kazi yetu kubwa pale ilikuwa kupigana na nyani. Mgeni akigeuka kutafuta chumvi, mkate umeshapanda mti. Kisha ziwa lenyewe likaanza kupanda, toka mwaka 2010 hivi, likameza lango kuu la zamani na ofisi zake. Mahali tulipokuwa tukiokota karatasi, leo mwari wanaogelea.

Wakati huo mzee wetu mmoja, dereva mstaafu wa malori, alikwenda Marekani kumtembelea bintiye, naye akampeleka Death Valley. Ni lile jangwa la California ambako mwaka 1913 joto lilipimwa likafika nyuzi 56.7 za Selsiasi. Mzee alifika Januari, kwa hiyo hakurudi na hadithi ya joto. Alirudi na hadithi ya bwana na bibi wa rika lake aliowakuta wakiishi kambini ndani ya gari lao. Hawalipwi mshahara. Wamepewa nafasi ya kuegesha bila malipo, nao wanapokea wageni, wanazoa majivu ya moto wa jana, na kila anayeingia wanamwuliza ana maji kiasi gani. Kule sheria ya watu kujitolea katika hifadhi za taifa ipo tangu 1970. Mzee akatuambia, "Jangwa hata sisi tunalo. Tena letu lina ziwa."

Ndivyo tulivyoanza kwenda Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana, wawili wawili kwa zamu. Kutoka hapa unapita Nyahururu, Rumuruti, Maralal, Baragoi, South Horr hadi Loiyangalani, na ukifika huko ukidhani umefika, bado. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1973, ina kilomita za mraba 1,570 hivi, na tangu 1997 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Simu haishiki. Upepo unavuma usiku kucha kana kwamba umelipwa.

Mheshimiwa, watu hutuuliza tunafanya nini huko siku nzima. Mengi ni ya kawaida: choo, takataka, kukagua kama makaa yamezimika, kumwonya mgeni asioge ziwani kwa sababu mamba wamo. Lakini chombo chetu cha kazi ni daftari. Anayetoka asubuhi anaandika jina, idadi ya watu, anaelekea wapi, ana lita ngapi za maji, na atarudi saa ngapi. Jioni tunalifungua na kuhesabu. Jina lisilo na alama ya kurudi, ndilo linalotunyima usingizi. Kuhusu maji, tunaomba kila mgeni awe na lita nne za kunywa kwa siku, bila kuhesabu ya kupikia. Ya ziwa yana magadi, na hata ukiyachemsha magadi hayatoki.

Nisimulie usiku mmoja tu. Ilifika familia moja na mahema yao, wakachagua kulala ndani ya laga. Kwa msiojua, laga ni mto usio na maji: mchanga laini, kivuli cha migunga, mahali pazuri kupita pote kambini. Zamu ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa mwalimu mkuu. Akawaambia wahame. Baba mwenye familia akamwonyesha mbingu: "Mama, hata wingu hakuna." Ni kweli, halikuwepo. Lakini mchungaji mmoja wa mifugo, wa kabila la Kidaasanach, aliyepita mchana alikuwa amemwambia mvua inanyesha kwenye vilima, mbali, upande wa Ethiopia. Mama akaacha sauti ya mwenyeji, akatoa ile ya gwaride la asubuhi. Walihama wakinung'unika. Saa nane usiku maji yalishuka na kishindo kama lori linalomwaga kokoto. Kulipokucha, palipokuwa hema palikuwa na gogo lenye mizizi yake.

Mheshimiwa, tunajiita wenyeji, lakini usiku ule mwenyeji alikuwa yule mchungaji. Sisi tulikuwa na daftari, yeye alikuwa na habari. Baadhi yetu hawapendi nikisema hivi, ila nimeshika kipaza sauti.

Yapo na ya kutufurahisha. Wageni wakifika Koobi Fora, mahali pa visukuku humo humo Sibiloi, huuliza habari za fuvu maarufu la binadamu wa kale, namba 1470, na wengi hudhani liliokotwa na mzungu. Vijana wetu huwaambia aliyeliona ni Mkenya, Bernard Ngeneo, mwaka 1972. Huwaambia pia kwamba kipande cha mti uliogeuka jiwe hakitiwi mfukoni. Kuna aliyekitoa mfukoni mwenyewe, akakirudisha bila kuulizwa.

Na yapo ya kutuudhi. Kampuni moja ya utalii, jina nalimeza, ilileta wageni na dereva akakataa kuandika daftarini, akisema yeye haripoti kwa watu wa kujitolea. Gari likakwama mchangani. Tuliwatafuta toka alasiri tusijue walielekea wapi, na tulipowapata giza lilikuwa limeingia na chupa zao zilikuwa tupu. Dereva huyo sasa ni rafiki yetu. Lakini jioni ile tuliamini tumepoteza watu.

Mheshimiwa, mwenyekiti ameishika saa, kwa hiyo ninaomba. Hatuombi fulana wala kofia, tunazo za kutosha hadi wajukuu. Tunaomba simu moja ya setilaiti, kwa sababu leo mtu akiumwa na nyoka, msaada unatafutwa kwa gari. Tunaomba tangi la maji ya kunywa la kuwekwa kambini. Tunaomba bima kwa walio kwenye zamu. Kujitolea ni kutoa siku zetu, si kuziachia familia bili ya hospitali. La nne halimo katika karatasi niliyopewa: vijana wa Ileret, kijiji jirani na hifadhi, walipwe kidogo wakae zamu pamoja nasi. Sisi tuna moyo wa kujitolea kwa kuwa baadhi yetu tuna pensheni. Wao hawana, na wanaijua laga kuliko sisi.

Daftari la mwaka huu liko hapo mbele yako. Ukurasa wa mwisho una mistari mitupu, kwa sababu zamu mpya inaondoka Jumatatu. Mzee dereva na kijana mmoja wanapanda gari la Nyahururu alfajiri. Simu ikipatikana kabla ya hapo, wataibeba.

Ni sisi wanachama, Nakuru.