Zoezi la bomba si maonyesho ya kumwaga maji

Mhariri,

Kwa picha ile mliyoiweka ukurasa wa mbele, chini ya habari kwamba wazimamoto wako tayari kwa ajali ya bomba la mafuta, anayeijua petroli hawezi kunyamaza tena. Gari la zimamoto limeegeshwa chini ya mteremko, injini ikinguruma, na kijana ameelekeza mpira wa maji katikati ya dimbwi la mafuta. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hushuka bondeni, huingia mitaroni, hungoja cheche. Petroli nayo huelea juu ya maji, yakaipeleka mbali zaidi. Mwaka 2011, mtaa wa Sinai, Nairobi, petroli ilipitia mtaroni hadi makaazini na watu zaidi ya 100 wakafa.

Gari huegeshwa juu ya mteremko, upepo unakotoka. Watu huondolewa mita 50 kila upande. Yakimwagika mengi, mita 300 kule upepo unakoelekea. Midomo ya mitaro huzibwa kwa mchanga. Kipima gesi kikifika asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka, yaani mvuke mchache kabisa hewani unaoweza kulipuka, mnarudi nyuma, hakuna ushujaa hapo. Povu la asilimia 3 ni lita 3 za dawa ya povu kwa lita 97 za maji, nalo hugongeshwa ukutani au ardhini lijitandaze lenyewe juu ya mafuta. Ukilipiga katikati ya dimbwi unalizamisha, na ukilifuatishia maji umelitoboa. Vali haiguswi na zimamoto, hiyo ni kazi ya wenye bomba. Tena pampu zikizimwa mafuta hayakomi! Bomba la Mombasa hadi Nairobi linapanda zaidi ya mita 1,600. Likitoboka mteremkoni, yote yaliyo juu hadi vali iliyo karibu yatashuka yenyewe. Mwandishi wenu hakuliuliza hilo.

Namba ya kuwapigia wenye bomba imo kwenye nguzo za alama kando ya bomba. Zile ambazo hazijang'olewa zikauzwa vyuma chakavu zimefunikwa na mabango ya waganga na wagombea. Na hawa wanaochimba kila siku kulaza nyaya za intaneti, nani huwadai ramani ya bomba kabla ya sururu ya kwanza?

Zoezi lijalo lifanywe saa nane usiku, mvua ikinyesha, bila hema, soda wala mgeni rasmi. Afisa wa zamu aitafute nguzo mwenyewe kwa tochi isiyotoa cheche. Wapiga picha mnakaribishwa, mradi mkae upepo unakotoka na simu mziache kwenye gari.

Msomaji wenu,
Mombasa