Shoga, Yasini amefanana

Ujiji, Kigoma

Shoga yangu Mwajuma,

Salaam aleikum. Wazima sisi, ila moyo haujatulia tangu majibu ya vipimo yatoke. Yasini kafanana na dada yake Rehema vile vinasaba vinavyotakiwa ili ampe uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Ndugu wa tumbo moja ana bahati moja kati ya nne tu, kumbe anayo huyu wa miaka saba anayegombania naye rimoti kila jioni.

Rehema unamjua. Juzi sikoseli ilimbana miguu, nikamkanda na maji ya moto mpaka adhana ya alfajiri, macho manjano kama bizari. Zamani tulikuwa tunasikia India, India. Tangu 2023 upandikizaji wa uloto unafanyika hapo Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa, kwa hiyo Baba Rehema anataka twende hata kesho.

Mama mkwe kagoma. "Humtoboi mzima kwa ajili ya mgonjwa." Nilimwona mkorofi (unajua tulivyo), lakini daktari alipotufafanulia nikamwelewa. Yasini atapigwa nusu kaputi, atolewe uloto kwenye mfupa wa nyonga. Atauguza kiuno siku kadhaa, na uloto wake utajirudisha wenyewe. Mzigo uko kwa Rehema: kwanza anapewa dawa kali za kuua uloto wake wote, na huenda zikamfunga uzazi. Zikishaingia hizo, Yasini hana tena nafasi ya kusema sitaki. Akikataa hapo, tunamzika dada yake.

Daktari akatutoa nje, akabaki na mtoto peke yake. Sasa mimi, kwa kiherehere changu, nilikuwa nimeshamwahidi baiskeli. Alipotoka akanivuta kanga: "Mama, nikikataa, baiskeli ndiyo basi?" Nikajifanya natafuta kiatu chake chini ya benchi, na alikuwa amekivaa.

Jana nimemnunulia, ya mtumba, breki moja. Nimempa kabla ya lolote. Kaizungusha kwenye miembe mpaka magharibi. Nitamuuliza upya Ijumaa, baba yake akiwepo, na bibi yake pia akitaka.

Safari ikiwepo tutapanda treni. Ikisimama Tabora, njoo stesheni hata kama ni usiku wa manane. Asali acha, mizigo itakuwa mingi. Ila shoga, wote wakitukuta huanza na pole kwa Rehema. Wewe anza na Yasini.

Ni mimi,
Mama Rehema