Mume na mke watibiwe kaswende siku moja

Mhariri,

Mwaka jana mke wangu, akiwa mja mzito wa miezi minne, alirudi kutoka kliniki na kikaratasi alichokifunga kwenye pindo la leso, nami sikukiona hadi siku ya tatu, alipofungua fundo kutafuta nauli ya matatu. Kiliandikwa kuwa mume aje apimwe kaswende. Yeye alikuwa ameshadungwa penisilini, sindano mbili, moja kila tako, kwa sababu dozi yenyewe ni nzito mno kuingia mahali pamoja.

Ugonjwa niliuleta mimi. Miezi kadhaa nyuma nilipata kidonda kisichouma, nikauziwa vidonge vinne duka la dawa bila kuulizwa lolote, na kilipokauka nikashukuru. Sikujua kuwa kidonda cha kaswende hukauka hata kisipotibiwa, huku wadudu wake wakibaki mwilini. Laiti mke wangu angenificha kile kikaratasi hadi ajifungue, sindano zake zingekuwa kazi bure, kwa kuwa dawa ile huponya lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena, na kaswende ya mama isiyotibiwa huweza kumuua mtoto tumboni au ikazaliwa naye.

Simlaumu kwa kukificha. Muuguzi, nadhani kwa nia njema, alimwambia kwenye foleni, wenzake wakisikia, kuwa ana ugonjwa wa zinaa. Mke wangu hajazini. Katika mji huu ambao neno zinaa twalijua uzito wake tangu madrasa, kumtamkia hivyo mwanamke aliyetulia kwake ni kumhukumu kabla ya kumtibu, na mwenye kustahili hukumu (sijitoi) alikuwa kazini bandarini.

Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa idara ya afya ya Mombasa. Majibu yatolewe chumbani, mlango umefungwa. Mume aitwe kwa barua ndani ya bahasha, na vituo vifunguliwe angaa Jumamosi alasiri kwa ajili yetu tunaofanya kazi kwa zamu, ili wote wawili wadungwe siku moja na waambiwe wazi kuwa wasikutane kimwili kwa muda wa wiki nzima baada ya hapo.

Jambo la mwisho ni dogo, ila lilimliza mke wangu. Kipimo kile cha kutoboa kidole huweza kuendelea kuonyesha kaswende miaka mingi baada ya mtu kupona. Naomba tarehe na kipimo cha dawa viandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto kila mara, ili anayekwenda kujifungua kituo kingine asianze kuulizwa upya alitoka na nani.

Mfanyakazi wa bandari,
Likoni, Mombasa