Sindano ya skizofrenia imfuate mgonjwa kijijini

Mhariri,

Mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo) aliyetoka Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, akiwa ametulia hana haja ya kupanda basi hadi Kampala kila mwezi kwa ajili ya sindano. Muuguzi wa kituo cha afya cha karibu anaweza kumchoma flufenazini ya muda mrefu, dawa ya kutuliza ugonjwa huo, kwenye msuli wa tako: kwanza dozi ndogo ya kupima, miligramu 12.5, kisha kwa kawaida 25 kila baada ya wiki 2 hadi 5. Dawa hii imo kwenye mafuta ya ufuta, basi bomba na sindano viwe vikavu kabisa. Maji kidogo tu huifanya iwe na ukungu.

Kinachowaponza wengi ni kwamba dawa hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Mgonjwa akikosa zamu moja habadiliki, na jamaa husema amepona. Sauti zikianza tena baadaye, hakuna anayekumbuka tarehe iliyorukwa. Watu hutaja uchawi. Kwa hiyo daftari la VHT (wahudumu wa afya wa kijiji) lina faida kuliko fulana za uhamasishaji: aliyekosa atembelewe wiki hiyo hiyo.

Wengine hukimbia kwa sababu shingo hukakamaa na mikono hutetemeka. Wasikaripiwe. Wapunguziwe dozi au wapewe benzheksoli, dawa ya kupunguza madhara hayo. Kituo kinachoagiza flufenazini peke yake kinajifukuzia wagonjwa.

Sheria ya Afya ya Akili ya Uganda ya 2018 inazungumzia matibabu katika vituo vya msingi. Wizara ianze na dawa hizo mbili, pamoja na mafuta ya pikipiki ya muuguzi.

Wauguzi wa afya ya akili,
Jinja