Mafundi wa Mtwara, ulizeni kwanza gari imefungwa nini

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, maana hili jambo limenikaa rohoni na nikilisimulia kijiweni naishia kuchekwa tu. Mi ni dereva wa hapa Mtwara mjini, nina IST ile ya cc 1500, injini 1NZ, napiga nayo mishemishe za Tandahimba na Newala, na kipindi cha kupuliza mikorosho ndo nazunguka zaidi, na wote mnalijua vumbi la kule ukishaacha lami, tena linachanganyika na ule unga wa njano wa salfa, filta ya hewa ukiitoa unaweza kupanda mchicha juu yake.

Sasa mwezi wa sita nikaingia duka moja la spea kuulizia filta. Kijana wa dukani akanambia kaka achana na hizo za karatasi, chukua hii, ni ya koni, ya kitambaa, ukiona imechafuka unaosha, unapaka mafuta yake, unarudisha, gari inapata pumzi na wese inakula kidogo. Elfu 85 pamoja na paipu lake. Lile boksi zima la filta linatoka juu ya injini, koni inakaa wazi. Akanifungia palepale nje ya duka, dakika 20 hazikufika, na kweli ikavuma, nikajiona nina Subaru.

Raha yenyewe siku mbili. Ya tatu nimesimama Mikindani namsubiri mtu, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inapanda inashuka, mara inaunguruma kama nimekanyaga mafuta, mara inataka kuzima, mwisho ikazima kweli. Taa ya cheki injini ikawaka. Na petroli ambayo nilikuwa natembea kilomita 14 kwa lita ikawa hata 10 sifiki.

Fundi wa kwanza kasikiliza kwa sikio tu, kasema plagi. Elfu 48 zote nne. Akachomoa teminali ya betri taa ikazima, nikamshukuru, keshokutwa yake ikawaka tena. Wa pili kasema koili, elfu 60, ile ya zamani nikaitupa. Wa tatu kasema pampu ya mafuta haina presha, na wala hakuipima, elfu 90. Weka na ufundi wao wote watatu, elfu 55. Gari ikabaki vilevile, ila sasa inayumba ikiwa na plagi mpya.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa gereji pale Mingoyo, nilikuwa naelekea Lindi ikanizimikia njiani. Huyu hakushika spana kwanza. Aliniuliza, "Mwanangu, kabla haijaanza kuumwa ulifunga nini?" Nikamtajia plagi, koili, pampu, akasema hapana, hayo ni matibabu, nauliza kabla ya ugonjwa. Hapo ndo nikaikumbuka ile koni. Mhariri, nimepita kwa mafundi watatu na hilo swali sijaulizwa hata na mmoja!

Akachomeka kidude chake, mashine ya kusoma kompyuta ya gari, chini ya dashibodi (vile vya bei rahisi vinagoma kwenye magari mengi haya ya soko la ndani la Japani, cha kwake kilikuwa kizuri) ikaja kodi, yaani namba ya kosa, P0171. Akanieleza kwamba injini ya petroli inataka hewa kama kilo 14.7 kwa kilo 1 ya petroli, na hiyo kodi maana yake hewa imezidi, petroli haitoshi. Alafu akanionyesha asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza yenyewe ili kufidia. Gari imesimama inasoma 27, akakanyaga mpaka mizunguko 2500 kwa dakika ikashuka ikawa 7. Akasema hapo pampu haihusiki, pampu ikichoka namba ingezidi kupanda ukikanyaga, hii inashuka, basi kuna mahali inavuta hewa ya wizi. Ya wizi kwa sababu haijapita kwenye sensa ya kupima hewa, ile ea flo, kwa hiyo kompyuta haina habari nayo.

Akainama kwenye injini. Juu ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, kuna kapaipu kadogo ka kupumulia, kwenye gari ambayo haijachezewa kanaunganishwa kwa mpira mpaka kwenye njia ya hewa, mbele ya sensa, yaani hewa ikishapimwa. Yule kijana alivyotoa boksi akatoa na ule mpira, kapaipu akakaacha wazi kama mdomo wa chupa, ile hewa ya wizi ikawa inaingilia hapo, na paipu jipya lilikuwa na sehemu yake kabisa ya kuunganishia, ila imezibwa na kifuniko cha mpira na hakujisumbua kukitoa. Mzee akaweka dole gumba juu ya lile tundu. Injini ikatulia hapohapo, nimesikia mwenyewe, akiondoa dole inaanza kuyumba, akirudisha inatulia. Shida yote ile!

Alafu akaingiza kitambaa mle ndani kikatoka na tope jekundu. Vumbi la Tandahimba linaingia moja kwa moja kwenye oili! Nimeimwaga siku hiyohiyo. Na ile sensa ilikuwa na utando wa mafuta, maana filta za kitambaa zikipakwa mafuta mengi yanapeperuka yanaganda kwenye kawaya kake, akapulizia dawa yake maalumu, akanionya nisithubutu kuipiga upepo wa kompresa. Kwa yote hayo kachukua elfu 20. Boksi la zamani nililikuta kwa watoto wanalifanya gari la kubebea mchanga, nikaosha nikalirudisha. Koni ikikaa wazi inavuta hewa ya moto ya kwenye boneti, na kwa joto letu hili sijui hiyo pumzi ingetoka wapi.

Najua wengine watasema feki hizo, TBS na Tume ya Ushindani wako wapi. Hapana jamani, ile filta haikuwa feki, na kila kitu kikitushinda tunasingizia feki. Kosa lilikuwa kwenye kufunga, likaja kuzidishwa na mafundi wanaobahatisha kwa hela ya mteja. Ninachoomba, wenye maduka wasifunge kitu ambacho hawajasoma karatasi yake, na VETA ambao wanawarasimisha mafundi wa mtaani waliosomea kwenye kivuli cha mwembe waliwekee uzito hili la kusoma mashine, na sio kodi tu maana kodi hata mi sasa naijua, wawafundishe hizo namba zinavyopanda na kushuka. Na fundi ambaye hana mashine basi awe na lile swali la mzee, halina gharama.

Nilirudi dukani, sikwenda kugombana. Kijana kuniona tu akanyoosha kidole kwenye kibao, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sirudishi, njoo nikuonyeshe kitu, nikamchorea kwenye boksi la plagi ule mpira unapotakiwa kwenda. Akatazama weee, alafu akasema taratibu, "Kaka, mbona hizi nimeshafungia watu kama saba."

Kama na wewe ni mmoja wa hao saba na unaisoma barua hii, nenda kafungue boneti, angalia kapaipu ka juu ya tapeti kava kama kana mpira.

Dereva wa IST,
Mtwara mjini